Njia ya Ibaba na Injini Inayopoteza Nguvu

Kata ya Ibaba iko katika nyanda za juu za Wilaya ya Ileje, Mkoa wa Songwe, na kwa msafiri anayetoka Tunduma na kushika njia ya Mpemba na Itumba, safari ya kuifikia ina vipande vitatu visivyofanana hata kidogo: barabara kuu iliyojaa malori, lami inayotoka Mpemba na kuteremka kuelekea bonde la Mto Songwe, kisha barabara za udongo zinazopanda vilima mara lami inapoachwa nyuma. Gari jipya hupita vipande hivyo vyote bila kuonesha tofauti kubwa, lakini gari kuukuu lenye hitilafu inayokuja na kuondoka hujieleza kwa namna moja katika kipande cha kwanza, kwa namna nyingine katika cha pili, na mara nyingi hukiri ugonjwa wake katika cha tatu. Kwa sababu hiyo njia hii inastahili kusomwa kwa macho ya fundi na ya msafiri kwa pamoja, kwani gereji yenye sakafu tambarare haiwezi kuleta mlima, ukungu, mtikisiko na mzigo ambavyo ndivyo vinavyoitoa hitilafu mafichoni.

Tunduma wenyewe ni mji uliokua kwa ajili ya magari na mafuta. Baada ya serikali ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, na Zambia kukatiwa njia yake ya kusini ya kuletewa petroli, malori yalianza kubeba mapipa ya mafuta kutoka Dar es Salaam kupitia hapa, kwenye barabara ambayo wakati huo sehemu kubwa ilikuwa udongo mtupu, hadi bomba la mafuta la TAZAMA lilipokamilika mwaka 1968 na reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ilipokabidhiwa rasmi mwaka 1976. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa mwaka 2019, lakini foleni ya malori imebaki kuwa sura ya mji. Pembeni mwa malori hayo hupita magari madogo yaliyotumika Japani kwanza, Corolla, Noah, Hilux na Land Cruiser, ambayo Tanzania, tofauti na Kenya inayokataa magari yaliyozidi miaka minane, huyaruhusu kuingia kwa kuyatoza ushuru wa ziada unaojulikana kama ushuru wa uchakavu. Matokeo yake ni kwamba gari linalopanda kwenda vijiji vya Ileje aghalabu ni gari lililokwisha kuzeeka kabla halijaanza kufanya kazi ngumu kuliko zote za maisha yake.

Kabla ya kutafuta ugonjwa, ni lazima kuondoa kwanza kisicho ugonjwa. Injini isiyo na tabo, yaani isiyo na feni ya kusukumia hewa ndani yake, hutegemea kani ya hewa ya nje kujaza silinda zake, na kani hiyo hupungua kadiri mwinuko unavyoongezeka: katika mwinuko wa mita 1,500, ambao Tunduma imeuzidi kidogo, hewa ina takriban asilimia 83 ya kani iliyonayo pwani, na katika mita 2,000 inabaki takriban asilimia 78. Gari lililokuwa jepesi Dar es Salaam litakuwa zito Ileje hata kama kila kifaa chake ni kizima, na dereva aliyehamia kutoka pwani anaweza kumsumbua fundi bure kwa kosa ambalo ni la mlima. Tena gari la kabureta, kifaa cha zamani kinachochanganya petroli na hewa kwa mvuto wa hewa yenyewe bila umeme, likiwa limerekebishwa kwa hewa nzito ya pwani, litapata petroli iliyozidi huku juu, litatoa moshi mweusi na kuzipaka plagi masizi. Upungufu wa aina hiyo hauji na kuondoka, bali hudumu siku nzima, asubuhi na jioni, kwenye tambarare na kwenye mwinuko. Linalomhusu mtafiti wa hitilafu ni lile gari ambalo dakika hii linavuta vizuri, dakika inayofuata linakohoa na kushindwa kupanda hata kwa gia ya pili, na dakika kumi baadaye linavuta tena kana kwamba halikuwa na lolote.

Katika hali hiyo swali lenye faida si kifaa gani kimekufa, kwa sababu kifaa kilichokufa hakifufuki chenyewe, bali ni kitu gani kilibadilika kati ya dakika ile nzuri na ile mbaya. Vitu vinavyoweza kubadilika njiani ni vichache: joto, mtikisiko, unyevu, mteremko au mwinuko, kiasi cha mafuta kilichomo tenkini, na mzigo uliowekwa juu ya injini. Kila kipande cha njia ya Ibaba hubadilisha baadhi ya hivyo na kuacha vingine vilivyo, na hapo ndipo thamani yake kama chombo cha uchunguzi ilipo.

Kipande cha kwanza, kutoka foleni za Tunduma hadi njia panda ya Mpemba, hupima joto. Gari husogea mita chache, husimama, hungoja, husogea tena, na hewa haipiti vizuri kwenye rejeta wala chini ya boneti. Injini ikianza kukosa sailensa, jina ambalo mafundi huupa mzunguko wa injini bila dereva kukanyaga mafuta, au ikikata kabisa baada ya nusu saa ya foleni na kukataa kuwaka hadi ipoe, kinachoshukiwa kwanza ni koili na vifaa vya umeme vilivyo karibu na distributa, kifaa kinachozigawia plagi umeme wa cheche. Koili ni mafundo mawili ya waya yanayogeuza volti 12 za betri kuwa maelfu ya volti zinazohitajiwa na plagi. Waya huo ukiwa na ufa mdogo mno, shaba yake hutanuka kwa joto, ufa hufunguka na cheche hupotea, kisha inapopoa hurudi kugusana na gari huwaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Kumwagia koili maji ya baridi ili ipoe, kama wafanyavyo madereva wengi, huweza kuifanya ifanye kazi tena, lakini hakuthibitishi kitu, kwa sababu maji hayo hayo hupoza na vifaa vilivyo jirani nayo. Uthibitisho ni kuchomoa waya mmoja wa plagi wakati injini imekataa kuwaka, si baada ya kuwaka, kuufunga kwenye plagi ya akiba iliyogusishwa vizuri kwenye chuma cha injini mbali na harufu yoyote ya petroli, na kuangalia kama cheche ipo wakati mtu wa pili anapopiga stata.

Kutoka Mpemba barabara huiacha njia kuu na kuelekea kusini-mashariki kwa lami ya kilomita 50 hivi hadi Isongole, jirani na mpaka wa Malawi. Hapa mwendo huongezeka na hubaki juu kwa muda mrefu, na kwa hiyo kinachopimwa ni uwezo wa gari kujilisha mafuta. Injini ikiwa kwenye sailensa hunywa petroli kidogo sana, kiasi ambacho hata chujio lililoziba robo tatu huweza kupitisha, na ndiyo maana gari lenye ugonjwa wa mafuta huonekana zima linapowashwa mbele ya gereji. Dereva anapokanyaga kwa muda mrefu, matumizi hupanda mara nyingi zaidi, chujio hushindwa kupitisha kinachotakiwa, na injini hupoteza nguvu polepole huku ikivuta kwa mawimbi, ikipanda na kushuka. Dereva akiegesha, uchafu uliokuwa umebanwa kwenye karatasi ya chujio kwa mkondo wa mafuta hulegea na kuanguka chini, au njia iliyonywea hujaa tena, na gari huondoka kwa nguvu zake zote kwa kilomita chache zinazofuata. Mwenendo huu wa kuchoka, kupumzika na kupona, bila dalili ya cheche kupotea, ndio ushahidi wenye nguvu kuliko wote kwamba tatizo liko kati ya tenki na injini, na unafaa kuaminiwa kuliko makisio ya fundi anayelitazama gari likiwa limesimama.

Chujio, hata hivyo, ni mtuhumiwa mmoja tu wa eneo hilo, na kulibadilisha bila kuangalia zaidi ni chanzo cha safari nyingi za kurudi gereji. Ndani ya tenki lenyewe, kwenye mdomo wa bomba la kunyonyea, kuna wavu mdogo ambao haubadilishwi hadi tenki lifunguliwe, na tenki la gari la miaka thelathini huwa na kutu inayosafiri na kuuziba wavu huo wakati mafuta yanavutwa kwa kasi. Tenki pia linahitaji kuingiza hewa ili kujaza nafasi ya mafuta yanayotoka. Tundu la hewa kwenye kifuniko au bomba lake likiziba, ombwe, yaani hali ya kukosa hewa, hujijenga ndani na kuizidi nguvu pampu. Uchunguzi wake haugharimu hata shilingi: gari linapopoteza nguvu, dereva hulisimamisha pembeni, hufungua kifuniko cha tenki na kusikiliza. Mlio mrefu wa hewa kuingia kwa nguvu, ukifuatiwa na injini kurudi katika hali yake papo hapo, humaliza mjadala, na ni jambo la kushangaza jinsi mafundi wengi wanavyofika kwenye pampu mpya kabla ya kufika kwenye kifuniko.

Pampu nayo ina tabia yake. Katika magari yanayotumia nozeli, yaani vifaa vinavyonyunyiza petroli kwa amri ya umeme badala ya kabureta, pampu mara nyingi hukaa ndani ya tenki na hupozwa na petroli inayoizunguka, kwa hiyo dereva anayezoea kutembea na robo tenki huichemsha kila siku, na pampu iliyochakaa huanza kulegea baada ya saa moja ya joto. Kipimo cha mgandamizo wa mafuta, ambacho katika injini nyingi za Toyota za miaka ya 1990 husoma kati ya bar 2.5 na 3 hivi, hakina faida kubwa kikisomwa kwenye sailensa. Kinachofaa ni kukifunga kwa mpira mrefu na imara unaokiwezesha kusomwa kupitia kioo cha mbele gari likiwa safarini, bila kukiingiza ndani ya gari kamwe. Mshale ukishuka sekunde moja kabla ya nguvu kupotea, kosa ni la mafuta. Mshale ukitulia mahali pake huku gari likikohoa, mafuta yameondolewa lawama na mtafutaji ageukie umeme.

Petroli yenyewe inaweza kuwa ndiyo hitilafu. Vijijini ambako kituo kiko mbali, mafuta huuzwa kwenye madumu na chupa, na dumu lililowahi kubeba maji, au lililoachwa wazi usiku wa mvua, hupeleka maji tenkini. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hutulia chini kabisa, na kwenye tambarare huweza kukaa mbali na mdomo wa pampu kwa siku kadhaa, hadi gari linapoinama kwenye mwinuko na maji yale kuteleza hadi mahali yanapovutwa. Gari la namna hiyo hukata kwenye kona fulani za mlima na si kwingine, jambo linalowafanya watu waseme mengi kuhusu kona hizo. Uchakachuaji, yaani kuchanganya petroli na mafuta ya taa, ni jambo jingine: EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ilianzisha vinasaba vya kutambua mafuta halali mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya, lakini dereva anapaswa kujua kwamba petroli iliyochakachuliwa huleta udhaifu, mgongano ndani ya silinda na moshi kwa muda wote wa tenki hilo, na haileti ugonjwa wa dakika kumi.

Mteremko wa kuelekea bonde la Songwe hauna mengi ya kufundisha kuhusu injini, kwa kuwa injini haina mzigo, lakini unafaa kwa kuwaondoa washukiwa wawili wasio wa injini kabisa. Dereva akisimama baada ya kuteremka na kukuta gurudumu moja lina joto kali kuliko mwenzake wa upande wa pili, breki inashika na haiachii, na gari lililodhaniwa kukosa nguvu lilikuwa linavutwa nyuma na breki yake. Na mlima unapoanza, mshale wa mizunguko ukipanda huku mwendo ukibaki palepale, klachi inateleza, na hakuna plagi wala pampu itakayoitibu.

Ni baada ya kuiacha lami, njia inapoanza kupanda kuelekea Ibaba, ndipo umeme wa cheche unapopimwa kwa ukali. Dereva anapokanyaga hadi mwisho kwenye gia ya chini, silinda hujaa mchanganyiko mwingi zaidi, mgandamizo ndani yake huongezeka, na cheche huhitaji volti nyingi zaidi kuruka pengo la plagi kuliko inavyohitaji kwenye sailensa. Waya wa plagi uliozeeka, kifuniko cha distributa chenye ufa mwembamba, au plagi yenye pengo lililopanuka huvumilia tambarare, lakini kwenye mwinuko umeme hupata njia fupi ya kutorokea kwenye chuma na injini huanza kumisi, ikikata ghafla na kurudi ghafla, tofauti na kule kuishiwa polepole kwa tatizo la mafuta. Tofauti hiyo ya ghafla na polepole ni ya msingi kiasi kwamba dereva anayeweza kuieleza kwa usahihi humwokolea fundi nusu ya kazi. Njia ya kuthibitisha ni rahisi usiku: boneti ikifunguliwa gizani na nyaya zikinyunyiziwa maji kidogo sana kwa chupa ya kunyunyizia, bila mtu kuzigusa, umeme unaotoroka huonekana kama vijistari vya samawati.

Hali ya hewa ya nyanda za juu huongeza jambo lake. Msimu wa mvua, unaoanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, huleta unyevu unaoingia kwenye distributa, na miezi ya Juni na Julai huleta baridi na ukungu wa asubuhi ambao kwa gari la kabureta una hatari isiyofahamika sana Afrika Mashariki. Petroli inapogeuka mvuke ndani ya kabureta hufyonza joto, na mchanganyiko huweza kupoa kwa nyuzijoto 20 au zaidi, kwa hiyo unyevu mwingi uliomo katika hewa yenye joto la nyuzi 10 tu juu ya sifuri unaweza kuganda kuwa barafu kwenye koo la kabureta wakati nje hakuna hata dalili ya barafu. Injini hubanwa pumzi taratibu, dereva husimama, joto la injini huyeyusha barafu ndani ya dakika chache, na ushahidi huondoka kama maji. Watengenezaji waliweka bomba la kuleta hewa moto kutoka jirani na ekzosi kwa ajili hiyo hasa. Katika magari mengi kuukuu bomba hilo limekwisha kuondolewa na mtu aliyeliona halina kazi.

Kwa magari ya nozeli, mtikisiko wa barabara ya udongo ndio unaosumbua zaidi, kwa sababu kontroli boksi, kompyuta ndogo inayoamua kiasi cha petroli na wakati wa cheche, hutegemea taarifa za sensa zinazopita kwenye nyaya na soketi zenye umri wa gari. Toyota nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1980 na za miaka ya 1990 zina kisanduku cha uchunguzi chini ya boneti, na matundu yake mawili yaliyoandikwa TE1 na E1 yakiunganishwa kwa kipande cha waya huku ufunguo ukiwa umewashwa na injini imezimwa, taa ya injini kwenye dashibodi huanza kupepesa namba: 14 huelekeza kwenye mawasiliano ya cheche, 22 kwenye sensa ya joto la maji, 31 kwenye kipimo cha hewa, 41 kwenye sensa ya kilango cha hewa kinachofunguliwa na pedali ya mafuta, na mpepeso wa sawasawa usiokatika humaanisha hakuna kilichorekodiwa. Uchunguzi huo hauhitaji mashine, lakini namba isichukuliwe kuwa hukumu, kwa kuwa kontroli boksi hujua tu kwamba taarifa ilikatika, haijui kama ilikatika ndani ya sensa au kwenye waya. Fundi mwangalifu huiacha injini iwake kwenye sailensa na kutikisa soketi moja baada ya nyingine, akimalizia na waya wa hasi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi na injini, ambao kutu yake huzalisha magonjwa ya kila aina.

Land Cruiser ya dizeli yenye injini ya 1HZ, ya silinda sita na lita 4.2, imetoka salama katika sehemu kubwa ya mjadala huu, kwani haina plagi za cheche wala koili na pampu yake huendeshwa kimekanika. Ikipoteza nguvu kwa vipindi, mtafutaji huanza na chujio la dizeli, hewa inayoingia kwenye mipira ya mafuta iliyopasuka, na eakilina, yaani chujio la hewa, iliyojaa vumbi.

Umbali kati ya Ibaba na maduka ya spea ya Tunduma au Mbeya ndio unaofanya utaratibu huu kuwa suala la fedha zaidi ya elimu. Kubadilisha-badilisha vifaa hadi gari lipone ni njia inayoweza kuvumilika mjini, ambako koili isiyohitajika hurudishwa dukani mchana huohuo; huku juu kila kifaa kilichokisiwa vibaya huongezewa nauli ya kukileta, siku za gari kulala, na mazao ya mtu yanayongoja usafiri. Kwa hiyo kinachohitajika kwenye gari kabla ya koili ya akiba ni daftari la kuandikia saa, sehemu ya njia, joto, kiasi cha mafuta tenkini, mzigo, na kama nguvu ilipotea ghafla au polepole. Chujio lililoondolewa lisitupwe kabla ya kukung'utwa upande wa kuingilia mafuta ndani ya chombo cheupe, ambako kutu, vumbi na matone ya maji huonekana. Na gari lililotengenezwa halijathibitishwa kwa kupanda mara moja likiwa tupu asubuhi ya baridi. Lipandishwe tena na mzigo uleule, kwa kiwango kilekile cha mafuta, katika saa ileile ya siku ambayo hitilafu ilizoea kutokea, na kifaa cha zamani kihifadhiwe hadi hapo, kwani kikirudishwa na ugonjwa ukarudi nacho, ndipo inapojulikana kwa hakika kwamba ndicho kilichokuwa na kosa.